Sauti ya Dada Yangu katika Kipindi cha Watoto

Nilimwahidi dada yangu kwamba siku moja redio ingemtaja msichana, na kwamba msichana huyo hangekuwa zawadi ya mtu mwingine. Nilimwahidi hayo nyuma ya landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mjini Nakuru, tukiwa tumeketi juu ya magunia matupu ya mahindi, katika likizo yangu ya mwisho ya chuo cha ualimu. Yeye alikuwa darasa la nne. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na kuleta ile harufu ya magadi ambayo wageni huizibia pua na wenyeji hawaisikii tena, na alikuwa amefunika magoti yake kwa sketi ya shule, kwa sababu vumbi jeupe la Nakuru halimwachii mtu nguo safi.

Ahadi hiyo ilitokana na chumvi.

Katika landhi zetu hakukuwa na nyumba yenye redio. Redio ilikuwa moja tu, katika hoteli ya chai karibu na lango, juu ya rafu, imeegemezwa kwenye betri yake kavu yenye ukubwa wa tofali. Mwenye hoteli aliifungua jioni kwa ajili ya taarifa ya habari, na siku ya Jumamosi aliifungua mapema kidogo ili watoto wasikie kipindi chao. Aliwapa sharti moja: wasimame nje chini ya dirisha, wala mtu asiingize kichwa ndani. Majuma mengi mfululizo kipindi hicho kilisimulia hadithi moja ndefu, sehemu baada ya sehemu, ya mtoto aliyetumwa chumvi.

Chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani kwao. Mama akampa kikapu, akamwambia afuate njia mpaka ziwa litakapoonekana. Kila Jumamosi msimulizi alimsogeza mbele kidogo. Akavuka korongo. Akalala juu ya mti, fisi wakizunguka chini. Akakutana na mzee mwenye jicho moja aliyetaka kumnyang'anya kikapu, akamshinda kwa maneno matupu. Hakupewa jina. Aliitwa mtoto tu, na mambo yake yote yalibebwa na ile herufi moja tunayoiweka mwanzo wa kitenzi: akaenda, akaona, akakataa, akashinda.

Dada yangu hakuwa na shaka yoyote kwamba mtoto huyo alikuwa msichana.

“Nani hutumwa chumvi hapa kwetu?” aliuliza.

Mdogo wetu wa kiume, aliyemfuata kwa mwaka mmoja, alimcheka. “Msichana gani analala juu ya mti?”

“Na wewe ulilala wapi siku mbwa wa karani alipokufukuza?”

“Sikulala. Nilipanda tangi la maji.”

“Ukateremshwa na mama, ukilia.”

Mabishano hayo yalikuwa matamu kama hadithi yenyewe. Lakini kwa dada yangu hayakuwa mchezo. Baada ya darasa la nne kulikuwa na shule ya kati ya wasichana, shule ya bweni, mbali na Nakuru, na baba alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Yeye alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kubadilisha njia za treni kwa mkono, mpole, mwenye kusikiliza sana na kusema kidogo. Dada yangu alikuwa amelifunga jambo la shule na jambo la chumvi pamoja. Aliniambia baadaye kwamba kila Jumamosi, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka dirishani, alijisemea moyoni: akifika yeye, nami nitafika.

Nilikuwa nyumbani Jumamosi ya mwisho wa hadithi. Nilisimama nyuma ya watoto. Mtoto alifika ziwani, akajaza kikapu, akarudi, akapita kwa mkuu wa nchi, naye mkuu akasimama mbele ya watu wote akasema: “Kijana, wewe ni mwanamume kamili. Ninakupa binti yangu awe mke wako.”

Wavulana walipiga miluzi. Mdogo wetu alirusha kofia yake juu. Dada yangu alibaki ametazama rafu ya redio kama mtu anayengoja mwenye duka akumbuke kwamba hajamrudishia chenji.

“Nilidhani atampelekea mama chumvi,” alisema.

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, maana nilikuwa tayari na maneno ya kumbembeleza mtu anayelia. Alitembea nami mpaka nyuma ya landhi, tukaketi juu ya magunia, naye akauliza swali moja tu: “Kaka, yule binti aliyetolewa, yeye alifanya nini katika hadithi?” Nikatafuta. Hakufanya lolote. Hakutajwa mpaka siku alipotolewa.

Hapo ndipo nilipotoa ahadi yangu.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi aliyependa sarufi kama wengine wanavyopenda mpira. Alitueleza kwa fahari kwamba lugha hii hutenga mti na kitabu, jiwe na ulimi, kila kitu na kundi lake, lakini ikimfikia mwanadamu haiulizi kama ni mume au mke. Kwa Kiswahili, alisema, wote huenda kwa mlango mmoja. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini. Niliamini kwamba lugha ya namna hiyo haiwezi kumdhulumu mtu. Siku ya chumvi niliona jambo ambalo mkufunzi hakulisema: mlango ni mmoja, ni kweli, lakini watu waliokwisha kuketi ndani ndio wanaoamua ni nani aliyeingia.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa shule ya mjini Nakuru, karibu na landhi, ambako dada yangu alikuwa bado darasa la nne, na muhula wangu wa kwanza haukuwa umekwisha tulipopata habari kwamba gari la kurekodia litakuja kutoka Nairobi. Watu wa redio walitaka mchezo mfupi wa kuigizwa na watoto wa shule wenyewe. Mwalimu mkuu aliuliza ni nani awezaye kuuandika. Niliinua mkono kabla hajamaliza swali, na walimu wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, “Kijana wa chuo, bado ana moto.”

Niliandika juu ya nzige. Kila mtoto wa Bonde la Ufa aliwajua, au alisimuliwa na wazazi. Katika mchezo wangu, mtoto mmoja anakwenda kutafuta kuni kwenye miteremko ya Menengai, anaona wingu jekundu upande wa kaskazini. Watu wazima wanasema ni moshi wa nyasi. Nyapara wa shamba anamfukuza. Mtoto hakubali. Anachukua debe, anapita nyumba kwa nyumba akilipiga na kuita, mpaka wanawake wanatoka na sufuria, wanaume na mabati, na makelele yao yanawazuia nzige wasitue kwenye mahindi. Sentensi ya kwanza ya mchezo ilikuwa hii: Palikuwa na msichana mmoja aliyekuwa na macho mazuri ya kuona mbali.

Mtangazaji alikuwa mtu wa pwani, mcheshi, amevaa tai hata katika vumbi letu, na mfuko wake wa koti ulikuwa umejaa peremende za watoto. Alikicheka Kiswahili chetu. “Nyinyi watu wa bara,” alisema, “mnasema kitabu yangu, mtoto yangu, kiti yangu. Kila kitu ni yangu, yangu. Nyinyi ni matajiri!” Watoto walimpenda papo hapo. Hata mimi nilimpenda. Alisoma mchezo wangu akiwa amesimama kwenye kivuli cha gari lake, kisha akaniita kando.

“Mwalimu, mchezo wako mtamu. Hayo madebe yatavuma vizuri sana hewani. Lakini hapa mwanzo. Msichana. Kwa nini msichana?”

“Kwa sababu ndiye.”

“Anawapigia wazee makelele. Anamwambia nyapara amekosea. Anakimbia peke yake nyikani. Wazazi wataniuliza, bwana, mnawafundisha nini binti zetu?”

“Na akiwa mvulana hawatauliza?”

“Akiwa mvulana watasema ana akili.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba barabara hii haipitiki wakati wa mvua. Nikamwambia kwamba mimi naamini barabara hujengwa. Akanitazama kwa huruma, akatoa penseli.

“Tuseme mtoto,” alisema. “Mtoto ni wote. Hapo hatujamdanganya mtu.”

Nilikataa. Tukabishana mpaka fundi wake akaanza kupiga honi. Mwishowe akaniuliza nataka nini hasa, na nikamwambia kwamba nataka redio itamke neno lenyewe, angalau mara moja. Akafikiri. Akageuza karatasi mpaka ukurasa wa mwisho, pale mama wa yule mtoto anapomwita mbele ya watu. Akaandika kwa mkono wake: Njoo nikushike mkono, binti yangu, umetuokoa sote.

“Haya. Binti mmoja nakupa,” alisema. “Tena nimemweka mwisho, mahali pa heshima.”

Nilifurahi. Niliona kwamba msikilizaji angemfuata mtoto huyo kwa moyo wote, angemwogopea, angemshangilia, kisha neno moja la mwisho lingemgeuza kichwa na kumwonyesha ni nani aliyekuwa akimshangilia muda wote. Nilidhani huo ulikuwa ufundi.

Ilipofika kuchagua sauti, wavulana wote walitaka kuwa mtoto wa nzige. Walisoma kama tunavyowafundisha kusoma darasani, kila neno likisimama peke yake kama nguzo ya simu. Mtangazaji alisikiliza kwa adabu. Kisha akamtaka dada yangu ajaribu. Alipanda juu ya sanduku, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa juu, akavuta pumzi, akasema: “Si moshi! Nzige! Tokeni, pigeni madebe!”

Nje, mpishi wa uji wa shule aliweka mwiko chini akatazama mbinguni.

“Huyo,” mtangazaji alisema. “Hakuna mwingine.”

Nilimweleza dada yangu mpango wote tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo nitakuwa mtoto, mtoto, mtoto, halafu mwisho niwe binti?”

“Ndiyo.”

“Na hapo katikati, watu watadhani mimi ni nani?”

“Watasikia sauti yako.”

Akacheka, akanigusa mkono kama vile yeye ndiye mkubwa. “Kaka, sauti yangu na ya mdogo wetu ni moja mpaka yake ivunjike. Mama mwenyewe, mdogo wetu akiitika, humwita kwa jina langu. Hujui watu wa landhi.”

Walirekodi katika ukumbi wa jumuiya, mablanketi yametundikwa madirishani ili filimbi za treni zisiingie. Mama katika mchezo aliigizwa na mwimbishaji wa kanisani, mwanamke mwenye sauti nene ya kutuliza watoto. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho alilitamka lile neno taratibu, bi-nti, kama mtu anayeweka yai mezani. Fundi aliinua kidole gumba kando ya mashine yake. Dada yangu, juu ya sanduku lake, alikuwa amefumba macho.

Siku hizo baba alikuwa ameanza kuulizwa na mama kuhusu shule ya kati, maana majina yalikuwa karibu kutakiwa. Jibu lake lilikuwa moja. “Nitasikia kwanza,” alisema. “Nikisikia, ndipo tutazungumza habari ya shule.” Kwa hiyo sote tulijua kinachongojwa. Baba hakuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Alitaka kusikia kwa masikio yake, na pia, nadhani, alitaka kusikia mahali watu wengine wanaposikia.

Jumamosi ya mchezo alitoka zamu, akanawa, akavaa koti lake la kanisani juu ya shati la reli, akaenda hotelini. Nilimfuata. Wazee walimpisha kwenye benchi. “Karibu, Baba Mwalimu!” Hilo ndilo jina walilokuwa wamempa tangu nilipopata cheti. “Leo umekuja kusikia habari za watoto?” Akasema amekuja kunywa chai. Watoto walikuwa nje chini ya dirisha kama kawaida. Dada yangu alikuwa miongoni mwao. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa dirisha.

Sijawahi kuona watu wazima wakisikiliza kipindi cha watoto namna ile. Nyapara alipomfukuza mtoto, mzee mmoja alisonya. Madebe yalipoanza kulia, mtu alipiga meza kwa kiganja na wengine wakamfuata, vikombe vikaruka. Mwenye hoteli, mtu asiyecheka, alikuwa ameacha mandazi yaungue katika mafuta. Sauti ya dada yangu ilitoka katika kile kisanduku cha mbao, kubwa kuliko mwili wake, ikaujaza mlango, ikatoka nje kumrudia yeye mwenyewe. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi.

Nzige wakapita. Watu katika mchezo wakashangilia. Sauti ya mama ikaanza: “Njoo nikushike mkono...”

Ngoma ya taarifa ya habari ikaingia juu yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Kipindi kilikuwa kimezidi muda wake kidogo, na mtu mmoja Nairobi ambaye hakuwa na nia yoyote juu yetu aligeuza kitufe. Baadaye, nilipomwona tena, mtangazaji alinieleza kwamba hayo hutokea kila siku. Redioni, alisema, kinachokatwa ni mwisho. Kila mtu wa kazi hiyo anajua.

Katika hoteli hakuna aliyejua kwamba kuna kilichokatwa.

“Huyo kijana!” mzee mmoja alisema. “Huyo ni wa kuwa chifu.”

“Chifu wa nini? Awe dereva wa treni. Kwa koo hilo hahitaji filimbi.”

“Mmesikia alivyomjibu nyapara? Mimi nyapara wangu sijawahi kumjibu hata salamu.”

Walicheka mpaka wakafuta macho. Mwenye hoteli, akiokoa mandazi yake, akamgeukia baba. “Baba Mwalimu, wanasema mchezo umetungwa na mwanao. Na huyo aliyekuwa anapiga kelele, mnamjua?”

Baba akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tena tangu siku ile.

“Huyo ni mtoto yangu,” alisema.

Hoteli ililipuka. Walimpiga mabega, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. “Kumbe! Una dume nyumbani, mzee!” “Si yule mdogo wake Mwalimu, anayechezea pale tangini?” “Ndiye, ndiye, nilijua ile sauti!” Na yule aliyetaka awe chifu akamwinamia baba, akauliza kwa heshima kabisa: “Ndiye yule mvulana wako mdogo, sivyo?”

Niliona baba akitafuta neno. Alikuwa amesema mtoto kama tunavyosema sote, kwa lugha inayotosha wote, nao wakampa furaha yao, na sasa furaha hiyo ilikuwa imemzunguka kama maji.

“Ni dada yangu,” nikasema kutoka mlangoni. “Aliyesema ni dada yangu.”

“Aa, Mwalimu, wacha mizaha!” Wakacheka tena. “Msichana gani anaweza kutisha nzige?”

Wote wakamtazama baba ili acheke pamoja nao.

“Ndiyo,” alisema, akimjibu yule mzee. “Ndiye.”

Nilipogeuka, ukingo wa dirisha haukuwa na vidole.

Tulirudi nyumbani mimi na baba kabla ya saa za kafyu ya hali ya hatari, tukifuata reli. Tulifika karibu na taa ya ishara. Hapo akasimama kana kwamba anangoja treni ambayo haipo kwenye ratiba.

“Ningesema nini?” aliniuliza. “Walikuwa wamekwisha furahi.”

Jibu nimekwisha kulitunga mara nyingi tangu hapo, katika vitanda vya nyumba za walimu, na kila mara ni sentensi fupi ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuisoma. Lakini si sentensi yangu. Ni yake, na haikuwahi kutoka kinywani mwake.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuchekesha kwa watu wasiohusika. Mdogo wetu aliamka Jumapili akajikuta mtu maarufu. Walimsalimia dukani, wakampa muwa, wakamtaka aite watu wapige madebe. Kwanza alikana. Kisha muwa ukamzidi nguvu. Alipojaribu kuita, ilitoka sauti ya jogoo mdogo anayejifunza, nao wazee wakatazamana kwa busara wakasema, “Imevunjika tayari. Wanakua upesi siku hizi.” Alikuja nyumbani, akampa dada yake nusu ya muwa, naye akaupokea.

Lakini baba alikuwa amefungwa na ndiyo yake. Kila aliyekutana naye kazini alimuuliza yule mvulana wa redio atapelekwa shule gani. Hakuweza kupeleka wawili. Angeelezaje kwa watu kwamba kijana aliyewaliza wazee machozi ya kicheko anabaki nyumbani, na anayepelekwa bweni ni dada yake ambaye hakuna aliyesikia habari zake? Majina yalipotakiwa, jina la msichana halikupelekwa. Mwaka uliofuata alipelekwa mdogo wetu, kwenye shule ya kati ya wavulana.

Nilibishana na baba. Nilibishana kwa hoja za chuo, kwa Maandiko, kwa sauti ambayo mama alinikataza kuitumia ndani ya nyumba. Dada yangu ndiye aliyenizuia.

“Mwache aende,” alisema. “Si kosa lake kwamba ana sauti yangu.”

Sasa dada yangu yuko upande wa Njoro, ni yaya katika nyumba ya shamba la ngano, analea watoto wa mzungu. Jumapili nikipata nafasi na karatasi za serikali za kuniruhusu kusafiri ninakwenda kumwona. Tunakaa nyuma ya jiko, penye nyasi, na ananiuliza habari za wanafunzi wangu mmoja mmoja, hasa wasichana, wanasoma nini, wanakaa madawati gani. Ninamjibu kwa ukamilifu, kisha ninatembea kurudi barabarani nikiwa na uzito ambao kazi ya siku nzima hainipi. Ninamtamani yule aliyekuwa juu ya sanduku, amefumba macho, akingoja neno lake. Yeye yupo, ni mzima, ananipungia mkono langoni. Ninayemtamani ni yule ambaye angekuwa sasa amemaliza shule.

Mara ya mwisho alinichekesha. Watoto anaowalea wamekulia mikononi mwa yaya, wanasema Kiswahili kama sisi, wanataka hadithi kila jioni. Aliwaanzia ile ya chumvi. “Nikasema, akaenda, akavuka korongo. Wakanisimamisha. Wanauliza, huyo ni wa kiume au wa kike? Lugha ya mama yao haiwezi kutembea hatua moja bila kujua hilo.”

“Ukawajibu nini?”

“Nikawaambia, ni msichana.”

“Wakakubali?”

“Kwa nini wasikubali? Walitaka tu kujua kama fisi alimla.”

Mchezo wa nzige hurudiwa redioni mara moja moja, hasa mvua zinapokaribia. Sijui kama siku hizi wanaufikisha mwisho. Kila mara nilipokutana nao nilikuwa barabarani au kwenye hoteli ya watu wengine, na kelele za madebe zilikuwa zimekwisha kuwainua watu vitini. Ninasimama mlangoni mpaka sauti ya dada yangu itulie. Halafu ninaondoka kabla ya mwisho, kwa kuwa sitaki kusikia watakachosema.

Mwalimu mwenzangu aliyepata kusoma ng'ambo anatusimulia kwamba huko kuna redio yenye picha, na kwamba ipo siku itafika mpaka hapa, watoto waketi mbele yake kama wanavyosimama leo chini ya dirisha. Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi. Nikafikiri: hapo hakuna atakayeweza kumchukua msichana akamwita mvulana, maana ataonekana. Kisha nikamkumbuka mtangazaji na penseli yake, mtu mwema mwenye peremende mfukoni, na furaha yangu ikapungua. Mtu wa namna ile, akiwa na picha mkononi, hatalazimika kubadilisha neno. Atachagua tu ni nani asimame mbele ya mashine na ni nani abaki nyuma ya blanketi. Kwa hiyo sitaki tungoje chombo kipya kije kutufanyia haki. Hadithi zitakazoingizwa ndani yake tunazisimulia sasa, majikoni na madarasani.

Nawe unayesoma haya, huenda ni mzazi, au mwalimu kama mimi, au mtu wa redio. Ninakuomba jambo moja. Utakapomsimulia mtoto hadithi ya msichana, sema ni msichana katika sentensi ya kwanza kabisa. Usimweke mwisho.